Ukuta wa Mama wa Mfalme

Mimi ni mtu wa mpakani, na mtu wa mpakani haogopi geti. Nimekulia Busia, upande wa Uganda, karibu kiasi kwamba tulipokuwa watoto tulitumwa chumvi Kenya tukarudi kabla sufuria haijachemka. Tangu wakati huo nimeona mageti yakijengwa, yakivunjwa, yakipakwa rangi, yakiletewa mashine na maofisa wapya wenye viatu vinavyong'aa, na bado sijakutana na geti lisilomsikiliza mtu anayejua kuongea. Kwa hiyo niliposimama mbele ya lango kuu la jumba la kifalme katikati ya jiji la Seoul, nimevaa gomesi yangu ya zambarau, gauni la heshima la wanawake wa kwetu Uganda, sikubabaika hata kidogo. Nilitazama ile milango yake mitatu, nikamuuliza binti yangu upi ni upi.

"Hii ya katikati alikuwa anapita mfalme peke yake," akasema. "Hizi za pembeni ni za wakubwa wengine."

"Na sasa mfalme iko wapi?"

"Hakuna mfalme siku hizi, mama."

"Basi tupite katikati."

Tukapita katikati. Walinzi walisimama na mikuki yao na ndevu za kubandika, wamevaa kama watu wa enzi zile, hata macho hawakupepesa. Nyuma yetu kulikuwa na barabara pana na majengo ya vioo yanayoumiza shingo ukiyatazama. Mbele yetu kulikuwa na paa za vigae, moja nyuma ya nyingine, halafu mlima. Nilifunga vizuri mshipi wa gomesi nikatembea.

Sikwenda kutalii. Binti yangu, ambaye ndiye mtoto wangu wa pekee, alikwenda Korea kusoma, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Hukohuko akakutana na kijana wa kule, na kijana akataka kumwoa. Shida ilikuwa mama wa kijana. Hakukataa, lakini pia hakukubali. Alisema hawezi kutoa neno lake kabla hajamwona mwanamke aliyemzaa msichana, na siku na mahali akachagua mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa pale kwenye kasri lao, na ndiyo maana binti yangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu tangu tushuke kwenye treni. Kama siku ile ingeharibika, ndoa yake nayo ingeharibika.

Mimi nami nilikuwa na langu. Baba yake alipofariki, binti yangu hakufika. Alikuwa mgeni kazini, ruhusa ikachelewa, nafasi kwenye ndege ikakosekana, na maiti haingojei. Tukazika. Binamu yake alisimama kando ya kaburi ameinua simu ili yeye aone kutoka huko aliko, na mtandao ukakatika kabla hatujaweka maua. Sikumlaumu mwanangu, ila tangu siku hiyo nilibaki na swali moja ambalo halikunipa usingizi: nikifa mimi, nani atamleta? Nilikuwa nimeamua kwamba nitamuuliza huyo kijana mwenyewe. Akinijibu vizuri, amchukue. Akijibu ovyo, sitapiga kelele kwenye nchi ya watu, lakini baraka yangu hataiona.

Kabla sijasafiri nilikwenda Kisoko, nje ya Tororo mjini, kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kwetu shangazi wa msichana ndiye mwenye mambo ya ndoa, na huwezi kumruka. Nilimkuta anapalilia mihogo, na hakuacha jembe lake kwa sababu yangu.

"Huyo mtoto ya watu, mkono usipatie yeye," akasema. "Kula pamoja, hapana. Mkikutana kwa njia, wewe toka kwa njia."

"Wifi, huko ni Korea."

Akasimama, akajishika kiuno. "Korea hakuna njia?"

Mtu asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawali meza moja, hawakai ana kwa ana. Wakitaka kuambiana jambo wanapitia kwa mtu mwingine, hata kama wote wako palepale. Wapo wanaosema ukimshika mkwe wako mkono, uzeeni mikono yako itatetemeka. Mimi nashona gomesi, mikono ndiyo inayonilisha, na ingawa nimeokoka na siamini sana mambo hayo, sioni sababu ya kuyajaribu. Lakini jambo lenyewe si hofu. Mtu nisiyemjali namsalimia sokoni kwa kiganja chote na kumpiga begani. Mkwe ni mtu mzito, ndiyo maana namkwepa.

Binti yangu alijua yote hayo. Siku ya kwanza alikuja kunipokea peke yake, na njiani aliniomba, "Mama, watu ya huku hawajui hizo mambo. Akija, wewe msalimie tu." Nikamwambia tutaona. Amekaa na mimi miaka yote ile, alipaswa kujua kwamba "tutaona" yangu si ndiyo.

Ukishapita lile lango kuu kuna uwanja, na hapo ndipo wanapouza tiketi. Niliona wanawake wengi wamevaa hanboki, gauni lao la zamani, sketi pana inayoanzia kifuani kabisa, na hawakuwa wanalipa. Binti yangu akanieleza kwamba anayevaa nguo ya jadi anaingia bure.

"Na hii yangu ni nini?" nikauliza.

"Mama, ni nguo ya jadi ya hapa."

Nilikuwa nimeshafika dirishani. Nikamgeuzia yule dada wa tiketi mabega yangu yaliyochongoka, nikamwonyesha mshipi, nikazunguka mara moja ili aone jinsi kikoyi cha ndani kinavyoinua kiuno, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Akacheka akiziba mdomo, akamwita mwenzake, mwenzake akatoka nje kabisa kuja kugusa bega. Halafu wote wawili wakatikisa kichwa kwa upole. Nikamwambia binti yangu awaulize mkubwa wao yuko wapi niongee naye. Alikataa kutafsiri.

Nilipogeuka nikaona mwanamke mfupi amesimama nyuma yetu, hanboki yake ya kijivu, nywele zimebanwa nyuma, mkononi ameshika tiketi zetu wote. Alikuwa amesikia kila kitu. Binti yangu akaanza kusafisha koo, nikajua huyu ndiye mama wa kijana. Alikuwa mwalimu kabla hajastaafu, na alinitazama kama anasahihisha mtihani. Akainama kunisalimia. Mimi nikapiga goti palepale kwenye mawe, kama ninavyomsalimia mtu ninayemheshimu, nikauliza habari ya nyumbani kwake na ya watu wake. Akashtuka, akainama chini zaidi. Watalii wakapiga picha. Nikaona mambo yameanza vizuri, na nilijipongeza.

Tulipofika kwenye geti la pili ndipo kijana akatokea. Alikuwa amechelewa kwa kutafuta mahali pa kuegesha gari, na alikuja akikimbia, mrefu, mwembamba, uso umejaa furaha, mikono yote miwili ameitanguliza mbele.

"Mama!" akaita kwa Kiswahili. "Mama, karibu sana!"

Sikufikiri. Nilikusanya gomesi yangu, nikatoka njiani, nikajificha nyuma ya nguzo kubwa nyekundu ya lile geti. Uso nikauelekeza kwenye nguzo, kichwani nikavuta kitambaa. Nikasimama hapo kimya, mkwe anayejua mambo yake, nikingoja apite.

Hakupita. Nilisikia binti yangu akisema, "Mama. Mama, toka hapo." Nilichungulia kidogo nikaona mikono ya yule mtoto bado iko hewani, haijui iende wapi. Mama yake alikuwa anaitazama mikono hiyo. Kumbe kwao, kumgeuzia mgongo mtu aliyekuja kukusalimia kwa mikono miwili ni kumtukana yeye na aliyemzaa. Akasema neno fupi, akaanza kutembea.

"Amesema nini?"

"Amesema twende. Hajauliza kitu, mama. Amesema tu twende." Na machozi yakamjaa.

Tukatembea kama watu wanaotoka mahakamani. Mama wa kijana mbele, kijana nyuma yake ameinamisha kichwa, binti yangu katikati, mimi mwisho kabisa, nikiacha nafasi ile inayotakiwa. Binti yangu akarudi nyuma ili anigombeze vizuri.

"Anafikiri wewe nakataa mtoto yake!"

"Mwambie sikatai."

"Nimwambie aje? Wewe umegeuzia yeye mgongo mbele ya watu yote!"

"Sikiliza," nikamwambia, maana hasira zangu nazo hazikai mbali. "Kule uwanja wa ndege walisema nivue mkanda, nikavua. Walisema nivue viatu, nikavua. Adabu hakuna mtu aliniambia nivue."

Akafyonza, akaniacha. Nilitembea kichwa juu, lakini niliumia. Sikuumia kwa nilichofanya, maana nilifanya sawa. Niliumia kwa ile mikono iliyobaki hewani, kwa sababu nilikuwa nimempa yule kijana heshima kubwa kuliko niliyompa mtu yeyote tangu nishuke kwenye ndege, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona.

Tukatokea kwenye uwanja mkubwa wa mawe, mbele ya jumba lenye kiti cha enzi. Katikati ya uwanja kuna njia iliyoinuliwa, na pande zote mbili yamesimamishwa mawe mafupi yenye maandishi, kama mawe ya mpaka wa shamba. Nikamuuliza binti yangu ni ya nini. Akajibu bila kunitazama kwamba yalikuwa yanaonyesha kila ofisa asimame wapi mbele ya mfalme, wakubwa karibu, wadogo mbali. Nikayatazama yale mawe kwa muda. Hawa watu nao heshima yao walikuwa wameipima kwa hatua na kuichonga kwenye jiwe, halafu mimi ndiye naonekana mshamba.

"Uliza mama yake," nikasema. "Katika hawa wakubwa, nani alikuwa anashika mfalme mkono?"

"Mama, sasa hivi?"

"Uliza."

Akauliza, kwa sauti ndogo. Yule mwalimu alijibu bila kugeuka: hakuna.

"Basi mwambie kwetu mkwe hashikwi mkono. Anapewa nafasi."

Nilisikia binti yangu akianza, akisita, akitafuta maneno, akianza tena. Safari hii aliongea kwa muda mrefu, naona alieleza na ya shangazi na ya nguzo. Yule mwanamke alisimama. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama kule nyuma karibu na mawe ya maofisa wadogo. Alipoanza tena kutembea aliiacha njia waliyokuwa wanafuata watalii, akakata kulia, akapita geti dogo, halafu jingine, nasi tukimfuata.

Tukafika penye ukuta. Nimeona kuta nyingi, lakini ule ulikuwa ukuta wa mtu anayependwa. Ulikuwa wa matofali ya rangi ya chungwa, mrefu kuliko kichwa cha mtu, na katikati ya matofali yale mafundi walikuwa wamepanga vipande vya udongo vyenye sura ya maua na miti, kila kimoja mahali pake. Mti mmoja wa majani ya njano ulikuwa unapukutika hapo karibu. Mama wa kijana akamwonyesha mwanawe kwa kidole kimoja asimame nje. Kijana akasimama. Sisi wanawake watatu tukaingia ndani kwa mlango mdogo.

"Anasema hapa aliishi mama wa mfalme," binti yangu akatafsiri. "Mjane. Huu ukuta walijengea yeye."

Yule mwalimu akaendelea, polepole, akitazama matofali badala ya kunitazama mimi. Alisema zamani, kwao, wanaume wageni hawakuingia upande wa wanawake. Bibi yake aliyemlea kijijini aliishi hivyo mpaka akafa. Mgeni wa kiume akija na babu hayupo, bibi alikuwa hatokezi uso. Alikuwa anasimama nyuma ya ukuta anasema, "Mwambie mgeni kwamba mwenye nyumba ametoka." Na mgeni kule nje anajibu, "Mwambie mama nitarudi kesho." Wala hakukuwa na mtu katikati wa kuambiwa. Yeye na ndugu zake walikuwa wanajificha na kucheka mpaka wanachapwa.

"Anauliza," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika, "kwenu mnaongea hivyo?"

Nilicheka mpaka mtunza bustani akageuka. "Mwambie kwetu hivyo ndivyo tunaongea mpaka leo!"

Yule mwanamke akacheka pia, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Halafu akauonyesha ukuta kwa mkono wazi, kama mwalimu anayemwita mwanafunzi mbele: haya, ongea.

Nikasogea. Nikaweka sauti yangu ya nyumbani. "Mwambieni mgeni, habari yake?"

Binti yangu akamwelekeza kwa Kikorea, haraka haraka. Halafu sauti ikaja juu ya ukuta, ikitafuta njia: "Mwambieni mama... mzuri. Mimi mzuri."

"Nimesikia," nikasema. Kisha nikauliza lile nililokuja nalo. "Mwambieni mgeni, siku mimi nakufa, nani ataleta mtoto yangu anizike?"

Binti yangu hakutafsiri. Alinigeukia, akanitazama kama mtoto aliyeamshwa ghafla. Hakuwa anajua kwamba nimelibeba swali hilo mpaka huko.

"Mama."

"Sema."

Akasema. Sauti ilimkatika katikati, akaimalizia kwa kunong'ona, lakini ukuta ule haukuwa mnene kiasi cha kuzuia. Kijana hakujibu mara moja, na hilo nililipenda. Mtu anayejibu haraka swali kama hilo ana kitu anauza. Majani yalianguka, watoto wa shule wakapita na kofia zao za njano, wakaisha. Ndipo akaanza kuongea, kwa Kikorea, taratibu, kwa muda mrefu. Binti yangu alikuwa amesimama amefunika mdomo. Mama wa kijana alisikiliza, na nikaona naye anasikia kitu kipya.

"Anasema nini?"

"Anasema siku ya kuzika baba, yeye alikuwa na mimi." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Ni kweli, mama. Sikukuambia. Tulikuwa marafiki tu. Alinipeleka mpaka uwanja wa ndege usiku, labda mtu angeacha nafasi. Hakuna aliyeacha. Tukakaa kwa gari. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka, siwezi kushika simu. Ni yeye alinishikia mpaka mtandao ikapotea."

Nilitafuta mahali pa kuweka mkono wangu, nikauweka kwenye ukuta.

"Anasema siku yako hatashika simu," binti yangu akasema. "Atashika begi."

Sikulia tulipomzika mume wangu. Watu walihitaji kulishwa, mahema yalihitaji kurudishwa, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamia. Nililia hapo, kwenye ua wa mama wa mfalme wa watu wengine, na sikuona aibu. Yule mwalimu akaja akanishika mikono yote miwili, na yeye hakuna mwiko unaomkataza. Alisema kitu kifupi. Binti yangu akatafsiri kwamba begi la pili atashika yeye, maana naye anataka kuona njia.

Walikuja mwaka uliofuata kwa ajili ya utambulisho, siku ya mkwe kuonyeshwa rasmi kwa ukoo. Walipitia Nairobi, wakaja kwa basi mpaka Busia ya Kenya, ili wavuke kwa miguu kama binti yangu alivyozoea. Wifi yangu wa Kisoko alisema ningoje nyumbani kama mama mwenye heshima zake. Nilishindwa. Niliacha cherehani, nikavaa ile gomesi ya zambarau, nikaenda kusimama mpakani, upande wetu, katikati ya wauza ndizi na mawakala wa forodha na malori yaliyopanga foleni.

Nilimwona binti yangu kwanza, halafu yule mwalimu na kofia ya jua. Kijana alikuwa nyuma yao amebeba begi kubwa. Akanyanyua macho, akaniona. Hakukimbia wala hakutanguliza mikono. Alitoka barabarani, akaenda mpaka kwenye trela lililoegeshwa pale, akageuza uso wake kwenye ubavu wa trela, akainamisha kichwa, akatulia hivyo, begi mkononi.

"Huyo Mchina nafanya nini?" wakala mmoja akauliza.

"Si Mchina," mama muuza ndizi akamjibu. "Huoni ni mkwe ya mtu?" Na akapiga kigelegele, wenzake wakakidaka, mpaka madereva wakatoa vichwa madirishani.

Nilisubiri kelele zipungue. Mkono wake ulikuwa umebana ule mshipi wa begi mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na hakuthubutu kugeuka.

"Mwambieni mgeni," nikasema, kwa sauti ya kumfikia, "aweke begi chini. Amemfikisha mwanangu."